Ailindil au Ailindur? Namna ya kumpa mhusika wako jina lenye maana kwa lugha za kubuni

Ni mchezo wa kuigiza wahusika: dadu ya pande 20 iko mkononi, karatasi ya mhusika iko mezani, na mwendesha mchezo anauliza swali la kwanza: "Unaitwa nani?" Wachezaji wengi hukwama hapo hapo. Anayetaka kuwahi hutoa jina lenye x mbili na koma ya juu katikati, jina ambalo hata yeye mwenyewe halitamki mara mbili kwa namna moja. Saa moja baadaye meza nzima inamwita "wewe mwenye upinde".

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hili halina kisingizio. Mwanza ukiitiwa Mabula unajua kuna mvua ndani ya jina. Ukiwakuta Kulwa na Doto unajua ni mapacha na nani katangulia, na akija Shija unajua kazaliwa baada ya mapacha. Panda kaskazini hadi kwa Wajaluo wa upande wa Mara: Otieno ni wa usiku, Akinyi ni wa asubuhi, Okoth na Akoth ni wa mvua, na ile O au A ya mwanzo imeshakwambia ni mvulana au msichana. Mzizi mmoja, kiambishi kimoja, tukio moja. Majina mazuri ya lugha za kubuni hutengenezwa kwa mtambo huo huo.

Anza na uzazi, kamusi baadaye

Kosa la kwanza ni kufungua orodha ya maneno na kuchagua linalopendeza. Ukianza hivyo utaishia na "Moto-Kivuli-Upanga", jina ambalo hakuna mama angempa mtoto wake.

Chukua karatasi tupu ujibu kwa Kiswahili, sentensi moja kwa kila swali: Nani alimpa jina? Lini? Aliyempa aliona nini, au alitamani nini? Swali la tatu ndilo lenye jina ndani yake. Mzazi hajui kama mtoto atakuwa mpiga mishale wa ngazi ya saba. Anachojua ni kwamba usiku ule ziwa lilichafuka, au baba alikuwa majini, au taa ilizimika. Sifa za ukubwani zina jina lake la pili, na tutalifikia.

Katika mwongozo huu tutamshika mhusika mmoja: kijana wa kijiji cha wavuvi kwenye ziwa la kubuni, mahali pa miamba iliyobebana kama ile ya Capri Point jijini Mwanza, ambako watu hutoka na mitumbwi usiku wa giza kuvuta samaki wadogo kwa mwanga wa taa. Mama yake alijifungua baba akiwa majini, na alichotamani ni mtoto alipende ziwa bila kuliogopa.

Chagua lugha kwa kuangalia kilichomo

Lugha za kubuni hazilingani kwa unene. Quenya na Sindarin, lugha mbili za waelfi (viumbe wa hadithi) alizozitunga J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, zina mizizi mingi, kanuni za sauti na majina mengi yaliyokwisha kufafanuliwa na mtungaji mwenyewe, kwa hiyo una mifano ya kuiga. Kiklingoni cha Star Trek, kilichotungwa na Marc Okrand, kina kamusi iliyochapishwa mwaka 1985 na sarufi kamili. Kidothraki cha tamthilia ya Game of Thrones kilikuzwa na David J. Peterson kutokana na maneno machache na majina yaliyokuwa yameshaandikwa katika riwaya zake, na kanuni yake ya majina ni rahisi kuishika: wanaume huishia na o kama Drogo, wanawake na i kama Irri. Angalia tu usichanganye cheo na jina. *Khal* ni mkuu wa kundi, na mtoto hazaliwi akiwa mkuu wa kundi.

Kielfi cha Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974, si Quenya. Vitabu vyake hutoa mifano ya majina na jedwali la herufi, lakini havikupi sarufi ya kuungia maneno. Ukitaka jina lenye maana inayofumbulika, azima lugha yenye mifupa au tunga yako.

Jambo la kusema haraka: herufi si lugha. Kuandika "Juma" kwa maandishi ya waelfi hakulifanyi liwe neno la Kielfi, na zile tovuti zinazobadilisha silabi za jina lako moja baada ya nyingine ili "likutafsirie" hazitafsiri chochote.

Kwa Mswahili anayeanza, tunashauri Quenya. Ina irabu tano, a, e, i, o, u, na husomwa karibu sana na zetu. Maneno yake huishia na irabu, au na mojawapo ya n, r, l, s, t. Herufi c ni k siku zote, hata mbele ya e na i, kwa hiyo *cirya*, merikebu, ni "kirya". Vile vidoti viwili juu ya ë vinakukumbusha tu kwamba irabu hiyo inatamkwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kukumbushwa, anaweza kuviacha. Alama ya mkwaju, kama katika á, usiiache, maana hiyo ni irabu ndefu na urefu hubadili mkazo.

Tafuta mizizi, na usichanganye ukoo

Mizizi mitatu hadi mitano inatosha. Kwa kijana wetu tunahitaji ziwa, maji, nyota, taa na jiwe. Hii hapa, pamoja na michache ya akiba, Quenya kwanza, Sindarin baada yake pale tunapoihitaji:

ziwa: *ailin*, *aelin*
maji: *nén*, *nen*
nyota: *elen*, *gil* au *êl*
jiwe: *ondo*, *gond*
merikebu: *cirya*, *cair*
upepo: *súrë*, *sûl*
taa: *calma*
samaki: *lingwë*

Unaona zinavyofanana. Ni ndugu, kama *mbula* ya Kisukuma na *mvua* ya Kiswahili, na kama ndugu hao hazichanganywi ndani ya neno moja. "Ailingil" ina ziwa la Quenya na nyota ya Sindarin. Anayejua lugha hizo ataisikia kama wewe unavyomsikia mtu akichanganya Kiswahili na Kisukuma ndani ya neno moja.

Kila neno ulipitishe kwenye maswali mawili kabla ya kuliamini. Je, ni la mtungaji au limeundwa upya na mashabiki? Orodha nzuri huweka kinyota mbele ya neno lililoundwa upya. Je, ni la kipindi gani? Tolkien alianza kuandika msamiati huu mwaka 1915 na aliendelea kuubadili hadi uzeeni. Lugha aliyoiita Kinoldorin miaka ya 1930 ndiyo iliyogeuka kuwa Sindarin, na orodha nyingi hutupa vipindi vyote kwenye gunia moja. Ukiona neno linaanza na lh, uliza kabla ya kulitumia.

Kuunga: hapa Kiswahili kinatudanganya

Sisi husema "jiwe la nyota": kitu kwanza, kinachokifafanua baadaye. Majina ya watu katika lugha hizi mara nyingi hugeuza. Celeborn ni *celeb*, fedha, na *orn*, mti: fedha-mti, yaani mti wa fedha. Fangorn ni ndevu-mti. Mchezaji anayefikiri kwa Kiswahili huandika mti kwanza, na jina lake linageuka kuwa "fedha ya mti", sijui mti gani huo unaolipa.

Majina ya mahali katika Sindarin, kwa upande mwingine, mara nyingi hufuata mpangilio wetu kabisa: Amon Sûl ni kilima cha upepo, Minas Tirith ni mnara wa ulinzi. Basi ukikitaja kijiji fikiri kama Mswahili, ukimtaja mtu geuza.

Sasa kijana wetu. Quenya ina viambishi tamati viwili ambavyo vitabu vingi vya michezo huvichanganya, na tofauti yake ndiyo inayotufaa hasa. *-ndil* ni mpenzi au rafiki wa kitu, anayekipenda kwa sababu kinapendeka. *-ndur* ni mtumishi wa kitu, anayekihudumia kama kazi au wajibu. *Arandil* ni mtu wa mfalme kwa moyo, *arandur* ni waziri wake. Peleka hilo mwaloni, mitumbwi inakotua. Mtu anayekaa juu ya jiwe jioni akilitazama ziwa hadi jua lizame ni wa -ndil. Anayelipa mafuta ya injini na kushona nyavu alfajiri ni wa -ndur, hata kama siku hiyo analichukia ziwa na vilivyomo.

Mfano wa kuungia tunao: *elen* na *-ndil* huwa Elendil, si "Elenndil", kwa sababu n mbili zinazokutana hubaki moja. *Ailin* nayo inaishia na n. Kwa hiyo:

ailin + ndil = Ailindil, mpenda ziwa
ailin + ndur = Ailindur, mtumishi wa ziwa

Mama alitamani mtoto alipende ziwa. Jina la kuzaliwa ni Ailindil. Dada yake anaweza kuwa Ailinwen, kwa *-wen*, msichana, kiambishi kile kile kilichomo ndani ya Eärwen. Sasa ndugu wawili wanashiriki mzizi, na mchezaji mwingine akilikuta jina la dada kwenye barua iliyookotwa pangoni atajua ni ukoo gani bila kuambiwa.

Mzizi ukiishia na irabu kazi ni nyepesi zaidi. *Calma* na *-ndil* ni Calmandil, mpenda taa. *Lingwë* na *-ndil* ni Lingwendil, mpenda samaki, jina zuri la mfanyabiashara mnene wa sokoni. Lakini litazame tena: ndani yake "wen" imejitokeza katikati bila kualikwa, na mtu anaweza kulikata vibaya akadhani kuna msichana humo. Jina la aina hii litumie kwa mhusika mdogo anayepita. La shujaa lisiwe na viungo viwili vinavyogombana.

Ukiamua kutumia Sindarin, jiandae kwa konsonanti zinazolainika kwenye maungo. Msichana ni *gwen*, lakini katika Arwen ile g imeyeyuka. Kwa kawaida p, t, c huwa b, d, g. B huwa v, d huwa dh, g hutoweka, m huwa v. Usishtuke. Kiswahili nacho kinabadilisha: ulimi ukiwa wingi ni ndimi, na l imekuwa d bila mtu kulalamika. Tatizo la Sindarin ni kwamba mchezaji huunga maneno kama matofali, pembe kwa pembe, na jina linakosa ule ulaini unaolifanya lisikike la waelfi.

Kiklingoni kina mtego wa namna nyingine: herufi kubwa na ndogo si mapambo. q na Q ni sauti mbili tofauti. Nyota ni *Hov*, jiwe ni *nagh*, maji ni *bIQ*, na hiyo I huandikwa kubwa hata katikati ya neno. Simu yako itazirekebisha zote kwa nia njema na kuliharibu jina. Zima urekebishaji wa maandishi kabla ya kujaza karatasi, au andika kwa kalamu.

Pima mkazo kabla hujalipenda

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Quenya huuweka hapo hapo, kwa sharti kwamba silabi hiyo iwe nzito: iwe na irabu ndefu, irabu pacha, au irabu inayofuatwa na konsonanti mbili. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Ndiyo maana Oromë ni O-rome, wakati ulimi wetu unataka o-RO-me.

Meza yenye Waswahili watano haitakumbuka kanuni hiyo usiku wa manane. Usipigane nao. Chagua jina ambalo silabi yake ya pili kutoka mwisho ni nzito, na watalitamka sawa bila kufundishwa: ai-LIN-dil, ai-LIN-wen, kal-MAN-dil. Kwa upande mwingine "Calmawen", msichana wa taa, lina mkazo kwenye CAL, na meza itasema kal-MA-wen hadi mwisho wa mchezo. Si dhambi, ila kama unajali, tafuta jingine.

Urefu: silabi tatu ndizo zinazokaa mdomoni, kama Ailindil, ambaye kwa kifupi anakuwa Aili. Nne zinavumilika ikiwa kuna kifupisho cha asili. Tano ni jina la mfalme aliyekufa. Hakikisha pia hakuna wahusika wawili wanaoanza na silabi moja katika kundi moja, isipokuwa ni ndugu.

Sikiliza kwa sikio la Kiswahili

Hatua hii haimo kwenye mwongozo wowote ulioandikwa kwa Kiingereza, na ndiyo inayoua majina mengi hapa. Litamke jina kwa sauti mbele ya mtu asiyecheza. Akicheka, uliza kasikia nini.

Katika Quenya, *nuru* ni kifo. Soma tena. Mchezaji aliyetaka "nuru" kwa maana yetu akalikuta neno hilo kwenye orodha na kulichukua bila kusoma maana, amemwita kuhani wake wa mwanga Kifo. Mwendesha mchezo mjanja atalitumia: kijiji kinachosema Kiswahili kinampokea kwa shangwe, waelfi wanafunga milango. *Mára* ni kitu kizuri, kinachofaa, na mtu wa Musoma atafurahi kulisikia. *Tári* ni malkia, lakini Elentári, malkia wa nyota, mezani kwetu anaingia na ngoma ya tari mkononi.

Pitisha jina pia kwenye Kisukuma, Kikerewe, Kijaluo na lugha yoyote ya nyumbani iliyopo mezani. Neno la kawaida kwa mmoja ni tusi kwa mwingine, na hutaki kuligundua hilo mama mwenye nyumba akiwa ameleta chai.

Ukitaka lugha yako mwenyewe

Waelfi hawafai kila dunia. Kwa watu wa miamba, kwa mfano, tunga lugha ndogo ya majina tu. Huhitaji vitenzi wala nyakati. Jioni moja inatosha:

Chagua konsonanti kumi na irabu nne au tano. Ukiacha p na f, lugha inakuwa nzito. Ukiongeza th na sh, inapata upepo.

Amua umbo la silabi. Konsonanti, irabu, konsonanti: *gom*, *rok*, *thel*. Mizizi ya umbo moja husikika ya kabila moja hata kabla mtu hajajua maana.

Andika mizizi 30: vitu vya asili 10, kazi na zana 6, tabia 6, wakati na matukio ya kuzaliwa 8. Wengi huandika tabia 20 na matukio mawili, kisha kila mtu katika kijiji anaitwa Jasiri.

Weka viambishi tamati vitatu, visizidi kimoja kwa jina: -u mwanaume, -a mwanamke, -ai mtoto wa.

Weka kanuni moja ya maungo na uishike. Mfano: konsonanti mbili zinazofanana zikikutana, moja huanguka.

Tujaribu. *Gom* ni jiwe, *thel* ni kusimama, na kifafanuzi kinatangulia: Gomthelu, anayesimama kama jiwe, mvulana aliyezaliwa siku miamba ilipobaki na nyumba zikabebwa na maji. *Rok* ni usiku. Taa tuliiandika *zin*, na msichana wa taa ya usiku akawa Rokzina, mpaka jina likatamkwa kwa sauti na "zinaa" ikakaa mezani na sisi. Mzizi ukabadilishwa kuwa *shen*: Rokshena. Ona kwamba kosa halikuwa kwenye mzizi. Lilizaliwa kiambishi kilipofika, kwa hiyo jaribu kila mzizi ukiwa na viambishi vyote vitatu kabla ya kuuweka kwenye orodha.

Orodha ikishakamilika, igandishe. Mwendesha mchezo awe na nakala moja, na mzizi mpya uingie kwa idhini yake. Ukiruhusu kila mchezaji kuongeza neno katikati ya mchezo, baada ya mikutano minne *gom* itakuwa jiwe, hasira na supu.

Jina la pili

Waelfi wa Quenya hawana jina moja. Baba humpa mtoto jina, mama humpa lake ambalo aghalabu lina utabiri ndani, na baadaye watu humpa *epessë*, jina la sifa, kwa aliyoyatenda. Tumia mgawanyo huo hata ukiwa na lugha yako. Unatatua tatizo la zamani: jina la kuzaliwa linabeba historia, jina la sifa linabeba mchezo.

Kijana wetu anaanza akiwa Ailindil. Mchezo wa tano, mtumbwi wa kijiji unapotea usiku na yeye, mwenye hofu kama wengine, anatoka peke yake kuutafuta kwa sababu ni zamu yake. Wazee wakimwita Ailindur kesho yake, ni herufi mbili tu zimebadilika, na kila mchezaji anayejua tofauti ya -ndil na -ndur ameelewa kilichotokea. Epessë haichaguliwi na mwenye jina. Mchezaji anayejipa mwenyewe "Muua Majoka" asubuhi ya kwanza arudishiwe karatasi.

Karatasini

Usiandike jina peke yake. Andika mistari hii juu ya karatasi ya mhusika, ili hata ukikosa kuja wiki hiyo mwenzako amcheze sawa:

Jina: Ailindil (kifupi: Aili)
Linasomwa: ai-LIN-dil
Lugha: Quenya
Viungo: ailin, ziwa, -ndil, mpenda
Nani alimpa jina, kwa nini: mama, usiku baba alipokuwa majini
Ndugu wa jina: Ailinwen, dada
Epessë: (acha wazi)

Mhusika wa Ailindil akikutana na mzee wa waelfi, mzee asiulize "Unaitwa nani?" peke yake. Aulize na la pili, "Nani alikuita hivyo?" Mstari wa tano unamjibu.